Farasi Mbele ya Treni

Mahali pa kuanzia safari hii hapana hata pa kusimama. Ni kusini mwa kisiwa cha Manhattan, jijini New York, pale magari yanapoibuka kutoka handaki la Holland linalopita chini ya mto Hudson, yakazunguka duara kubwa kutafuta njia ya kutokea. Njia ziko tano. Katikati ya duara pana kiwanja ambacho mwenda kwa miguu hakifikii. Nilikitazama kutoka ng'ambo, kama mtu wa pwani anavyotazama kisiwa wakati hana mtumbwi.

Kiwanja hicho kilikuwa bustani. Iliitwa St. John's Park, na matajiri waliojenga nyumba kuizunguka ndio waliokuwa na funguo za lango. Miaka ya 1860 ilinunuliwa na kampuni ya reli ya Hudson River, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Cornelius Vanderbilt. Miti ikakatwa, na mwaka 1868 ikafunguliwa stesheni ya mizigo, ambayo baadaye ilipambwa kwa sanamu kubwa ya Vanderbilt mwenyewe. Kisha zamu ya magari ikafika: handaki lilifunguliwa 1927 na stesheni ikabomolewa kulipisha. Sanamu ilihamishwa mwaka 1929 ikapelekwa Grand Central, na iko huko hadi leo, imevaa koti zito, haina habari na mtu.

Mimi nilikuja kufuata reli ambayo haipo tena. Kutoka hapa ilipanda Hudson Street, ikapinda Canal Street, ikafuata West Street kando ya mto, ikaingia Tenth Avenue, halafu mtaa wa 30 ikahamia Eleventh Avenue na kuendelea kaskazini. Kwa miguu hadi mtaa wa 60 ni mwendo wa asubuhi nzima, ukiwa mtu wa kusimamasimama kama mimi. Reli haikupita kando ya barabara na haikuwa na uzio. Ililazwa juu ya barabara ileile waliyopita mikokoteni, wauza maziwa na watoto wa shule. Kampuni ilipata hati yake mwaka 1846, wakati upande huu wa kisiwa ulikuwa na mashamba na viwanja vitupu. Jiji likaifuata reli. Viwanda, machinjio, maghala na nyumba za kupanga za vibarua zilijipanga pande zote mbili, mpaka garimoshi likawa linapita mbele ya milango ya watu.

Madiwani hawakuwa vipofu. Tangu miaka ya 1850 walitunga kanuni: treni isizidi maili 6 kwa saa, yaani kama kilomita 10, na mbele yake atangulie mtu juu ya farasi kuwaonya watu. Mchana alishika bendera nyekundu, usiku taa nyekundu. Watu wa mtaani wakawabatiza wapanda farasi hao wachunga ng'ombe wa West Side, ingawa walichokichunga hakikuwa na pembe na hakikusikia fimbo. Picha zao zipo: kijana mwenye kofia, farasi mtulivu, na nyuma yake, hatua chache tu, uso mweusi wa injini.

Nimezitazama picha hizo mara nyingi na kila mara macho yangu yamekwenda nyuma, kwenye kile ambacho mpiga picha hakukijali. Bendera iko mbele. Nyuma ya injini kuna behewa baada ya behewa la nyama, maziwa na mayai, na huko hakuna bendera. Treni ndefu ya mizigo iliposimama ilifunga njia panda kadhaa kwa pamoja. Mtu mwenye haraka ya kwenda kazini au mtoto aliyechelewa shule alipenya kati ya mabehewa, au akapita chini yake, na treni haikumpigia hodi ilipoanza kuondoka. Wengine walidandia kwa mchezo, kama watoto wa kila mji wenye reli wanavyofanya. Farasi hakuweza kuyazuia hayo. Alichoweza ni kumpa kila mwenye mamlaka jibu la kutoa alipoulizwa: tumeweka mtu.

Kwetu Dar es Salaam tungemjua mtu huyo. Ni ndugu wa kibao cha "punguza mwendo" kinachosimikwa baada ya msiba.

Eleventh Avenue ikapata jina lake, na Tenth Avenue ikalirithi: Barabara ya Mauti. Gazeti la New York World mwaka 1892 liliifananisha treni hiyo na zimwi linalowatisha wakazi usiku na mchana. Mwaka 1908 taasisi ya Bureau of Municipal Research, iliyochunguza jinsi jiji linavyoendeshwa, ilitoa hesabu ya vifo 436 tangu 1852. Ukigawa kwa miaka, unapata watu saba au wanane kila mwaka. Idadi ya namna hii ni hatari kwa sababu ni ndogo. Haijazi ukurasa wa mbele wa gazeti. Kila mwezi au miezi miwili nyumba moja inaweka matanga, mtaa unakwenda kuzika, na wiki inayofuata treni inapita kwa ratiba.

Nilifika Hell's Kitchen saa sita mchana. Jina lenyewe ni Jiko la Jehanamu, nao wakazi wa leo wanalitamka bila kushtuka. Hapa waliishi Waayalandi na Wajerumani, wakaja Waitaliano. Mwandishi Mario Puzo alizaliwa hapa mwaka 1920, akawaona wapanda farasi hao kwa macho yake ya utoto, na riwaya yake ya 1965, The Fortunate Pilgrim, imejengwa juu ya Tenth Avenue hiyohiyo. Wakati wake treni bado ilikuwa barabarani. Na watu walikuwa wameshasema basi zamani sana.

Walisema basi kwa sauti kubwa zaidi mwaka 1908. Septemba ile mtoto wa miaka 7 aliuawa na treni. Wiki chache baadaye watoto wapatao 500 wa shule walitoka kuandamana kwenye Eleventh Avenue, juu ya reli zilezile walizokatazwa na mama zao kuzisogelea. Watu wazima waliunda umoja wao, na jina walilouchagulia halikuficha kitu: Umoja wa Kuikomesha Barabara ya Mauti.

Ajabu ni kwamba walikuwa wakiidai haki ambayo kwenye karatasi walikuwa wameshapewa. Bunge la jimbo lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1906, iitwayo Sheria ya Saxe, ya kuziondoa reli barabarani. Lakini kampuni ilikuwa na hati ya 1846, na ilikuwa na mawakili. Ikawa kesi, ikawa mazungumzo, ikawa michoro. Wengine wakataka reli ipite chini, wengine juu, na wenye nyumba nzuri kaskazini, kando ya bustani ya Riverside, hawakutaka kuiona wala kuisikia. Katika kila mchoro swali lililokwamisha lilikuwa moja, nani alipe, na kila aliyeulizwa alimwonyesha mwenzake kidole.

Ningeweza kusema mambo ya serikali ni hivyo hivyo, nikaendelea na safari. Lakini nilipinda mashariki kwa muda, nje ya njia yangu, kwa sababu jibu liko upande ule. Tarehe 8 Januari 1902, ndani ya handaki la Park Avenue lililojaa moshi, dereva wa treni alipita ishara ya kusimama akaigonga treni ya abiria iliyokuwa mbele. Walikufa watu 15. Wengi wao walitoka New Rochelle, kitongoji cha watu wenye kazi za ofisini, na walikuwa wanakwenda kazini asubuhi. Mwaka uliofuata, 1903, ilipitishwa sheria ya kupiga marufuku injini za mvuke kwenye njia hiyo kuanzia Julai 1908. Kampuni ilitii. Iliweka umeme, ikazika reli chini ya ardhi, ikajenga stesheni mpya ya Grand Central iliyofunguliwa 1913, na juu ya reli zilizozikwa Park Avenue ikawa mtaa wa maghorofa ya kifahari.

Kampuni hiyo ilikuwa New York Central, ileile iliyoirithi Hudson River na kumiliki treni za West Side. Mji ni uleule na bunge ni lilelile. Vifo 15 vya siku moja upande wa mashariki vilitosha. Vifo zaidi ya 400 upande wa magharibi, kimoja kimoja, havikutosha. Sidhani kama kuna aliyekaa chini akaamua hivyo. Ila upande wa mashariki waliokufa walikuwa abiria waliokata tiketi, na upande wa magharibi walikuwa watoto wa vibarua wanaovuka barabara. Reli ilikuwa na sababu ya kumwogopa mteja.

Kilichoisogeza treni mwishowe kilikuwa lori. Miaka ya 1920 magari yalijaa barabarani na treni ikawa kikwazo cha biashara. Sheria ya Kaufman ya 1923 nayo ikalazimisha umeme kwenye reli zote za jiji. Mwaka 1929 jiji, jimbo na kampuni walitia saini mradi mmoja mkubwa: maili 13 za reli, karibu kilomita 21, njia panda 105 ziondolewe, na gharama ikavuka dola milioni 150. Kusini mwa mtaa wa 34 walijenga reli ya juu, ikafunguliwa 1934. Haikupita juu ya barabara bali katikati ya majengo, na mengine ilipenya ndani kabisa, ikiwemo iliyokuwa bekari ya Nabisco ambako biskuti za Oreo zilianzia mwaka 1912. Treni ya mwisho ilipita huko juu mwaka 1980, ikivuta mabehewa matatu ya bata mzinga waliogandishwa.

Leo reli hiyo ya juu ni bustani iitwayo High Line, iliyofunguliwa kwa awamu kuanzia Juni 2009. Nilipanda ngazi pale Gansevoort nikapumzika kwenye benchi la mbao. Watu walipiga picha za maua yaliyoota kati ya reli. Kuna sehemu yenye viti vilivyopangwa kwa ngazi kama uwanja wa mpira, mbele yake kioo kikubwa, na kinachotazamwa ni Tenth Avenue: magari yanakuja, taa inawaka nyekundu, magari yanasimama. Nilicheka peke yangu. Pale Manzese, Dar es Salaam, nilikozoea kuvuka, anayepandishwa daraja ni mwenda kwa miguu na mzigo wake kichwani, ili magari ya Barabara ya Morogoro yasicheleweshwe. Hapa walipandisha treni, wakawaachia watu ardhi.

Au niseme, waliwaachia kwa muda mfupi. Nafasi iliyoachwa na reli ilichukuliwa na magari, na barabara za West Side zikawa mapito ya kwenda kwenye mahandaki. Mwaka 2005 wakazi wa Hell's Kitchen waliunda kikundi kingine, CHEKPEDS, kutetea waenda kwa miguu. Mwaka 2007 kipande cha Ninth Avenue kilipata njia ya baiskeli iliyokingwa na safu ya magari yaliyoegeshwa, jambo ambalo lilikuwa geni Marekani. Mwaka 2014 familia zilizopoteza wapendwa wao barabarani zilikwenda hadi bunge la jimbo, na Novemba mwaka huo kasi ya kawaida jijini ikashushwa kutoka maili 30 hadi 25 kwa saa. Baadaye wakaomba jiji liruhusiwe kushusha hadi 20. Ruhusa hiyo ilikuja 2024, katika sheria iliyopewa jina la mtoto wa miaka 12 aliyegongwa Brooklyn mwaka 2013. Mama yake aliipigania miaka yote hiyo.

Nilimalizia Eleventh Avenue, njia panda ya mtaa wa 44, nikisubiri taa ya kuvuka. Hakuna reli iliyobaki hapo chini, ni lami tupu. Mpanda farasi wa mwisho alifanya safari yake Machi 1941. Alikuwa kijana wa miaka 21, farasi wake aliitwa Cyclone, na nyuma yao yalikuja mabehewa 14 ya machungwa. Mtoto aliyeandamana mwaka 1908 akiwa na miaka 7, ikiwa alikuwa bado anaishi mtaani hapo, siku hiyo alikuwa na miaka 39 au 40.