Darasa la jikoni: wamama wa Kindu na masomo ya nyumbani, tangu Nyangwe mpaka leo



Kila mwezi wa tisa, wakati wa kuandikisha watoto, tunasindikiza wamama waliorudi. Safari moja tulikuwa na mama aliyetoka upande wa Kabambare na watoto watatu. Mkubwa alikuwa na miaka 9. Kwenye shule ya kwanza tuliyofika, waliuliza bulteni. Hakuna. Wakauliza akti ya kuzaliwa. Hakuna. Wakasema basi, huyu hajasoma hata siku moja, aingie kalasi ya kwanza pamoja na wa miaka 6.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akamgeukia mtoto: «Soma ile karatasi iko kwa ukuta.» Mtoto akaisoma yote, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, bila kukwama. Tukamwuliza nani alimfundisha. «Ni mama. Ku jikoni.»

Tulirudi nyumbani tukizungumza habari hiyo njia nzima. Wengi katika ofisi wanadhani mama anayefundisha watoto nyumbani ni mama aliyeshindwa kuwapeleka shuleni, basi. Lakini hapa kwetu Maniema jambo hili lina historia ndefu, na wengi wetu tuliosoma tulipita katika mikono hiyo kwanza. Ndiyo maana tumeona tuiandike.

Kabla ya kree na ubao

Zamani mtoto wa Maniema hakukosa elimu. Aliipata kwa mama, kwa nyanya, na kwa wazee wa ukoo. Kwa Walega wa Pangi, mafundisho ya chama cha Bwami yalipita katika methali na vitu vidogo vilivyochongwa, na wanawake pia walikuwa na vyeo vyao ndani yake. Wabelgiji walikipiga marufuku chama hicho mara mbili, mwaka 1933 na mwaka 1948, lakini methali hazikufungwa gerezani. Ziliendelea kusemwa kando ya moto.

Kisha kikaja Kiswahili. Tusifiche: kilikuja pamoja na bunduki, pembe za ndovu na minyororo. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, na aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakifyatulia risasi soko lililojaa wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama katika Lualaba. Baadaye Tippu Tip alijenga nguvu zake Kasongo, mpaka jeshi la Leopold lilipoteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893.

Wakubwa wale waliondoka, lugha na dini vikabaki. Vilibaki kwa sababu vilikuwa vimeingia ndani ya nyumba. Mtoto alijifunza herufi za Kiarabu juu ya ubao kwa mwalimu wa Kurani, na jioni mama yake alimsikiliza akirudia. Mama mwenyewe huenda hakujua kuandika, lakini alijua mtoto aliporuka neno. Kumsikiliza mtoto na kumrudisha mahali alipokosea, hiyo tayari ni kazi ya mwalimu.

Reli, misioni na hofu ya ubatizo

Kabla ya vita kuu ya kwanza, reli iliunganisha Kindu na Kongolo, na mji wetu ukakua kando ya stesheni na bandari. Shule zikaja pia, lakini karibu zote zilikuwa mikononi mwa misioni. Mwaka 1906 Leopold alifanya mapatano na Vatikani, na Wakatoliki wakapewa ardhi kwa sharti la kufungua shule. Kwa familia za Kiislamu za Maniema hiyo ilikuwa shida kubwa. Kumpeleka mtoto shuleni kulimaanisha pengine arudi na jina lingine na dini nyingine. Wazazi wengi walichagua kumweka nyumbani na kwa mwalimu wa Kurani. Serikali ya koloni ikawaita wajinga wasiopenda maendeleo. Kumbe walikuwa wamepima, wakaamua.

Bei ya uamuzi huo ilikuwa kubwa, nayo pia tuiseme. Vizazi vizima vya Waislamu wetu vilikosa Kifaransa, na bila Kifaransa hakukuwa na kazi ya ofisi.

Kwa wasichana hali ilikuwa ngumu hata kwa Wakristo. Walifundishwa kushona, kupika na kuosha watoto, basi. Mwanamke wa kwanza Mkongomani kumaliza sekondari alikuwa Sophie Kanza, mwaka 1961, yaani mwaka mmoja baada ya uhuru. Mwaka 1966 akawa waziri. Fikirieni: nyanya zetu wengi walilea watoto wakati nchi nzima haikuwa na msichana hata mmoja mwenye diploma ya sekondari. Na bado watoto wao walijua kuhesabu vikombe vya mpunga na kutambua mzani unaodanganya.

Wazazi wanalipa mwalimu

Baada ya uhuru shule ziliongezeka haraka. Mwaka 1964 vita vya Simba vilifika Kindu na masomo yakafungwa. Yakafunguliwa tena. Mwaka 1974 Mobutu alichukua shule zote ziwe za serikali. Mwaka 1977 akazirudisha kwa makanisa kwa mkataba, na baadaye Waislamu nao wakapata shule zao za mkataba. Hapo ndipo familia nyingi za hapa zilipoanza kupeleka watoto bila hofu ile ya zamani.

Lakini hofu nyingine ilikuwa njiani. Miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilikufa, nao wakagoma. Ili shule zisifungwe, wazazi wakakubali kulipa nyongeza ya mwalimu. Ilisemwa ni ya muda mfupi. Ilidumu zaidi ya miaka 25. Katika nyumba yenye watoto sita, mama alipiga hesabu: wawili wanaweza kulipiwa, wanne wabaki. Wanne hao walifundishwa na nani? Jioni, yule aliyetoka shuleni alifungua kaye yake, na wengine wakaketi kumzunguka. Mama alikuwa direkteri wa shule hiyo.

Miaka ya kufungwa

Mwezi wa kumi 1998 Kindu iliingia mikononi mwa RCD. Reli ilikufa. Boti za kwenda Ubundu zilisimama. Mai-Mai walishika misitu na vijiji, na kufika 2002 mji ulikuwa kama kisiwa: Kasuku na Mikelenge upande huu wa mto, Alunguli upande ule, na mashamba yetu nyuma ya mistari ya bunduki. Mama aliyetoka kutafuta sombe hakujua kama atarudi, na wengi walibakwa njiani. Chumvi na sabuni vilikuwa mali ya matajiri. Walioweza kukimbia walikuwa msituni, wengine mbali zaidi. Wako waliovuka ziwa Tanganyika mpaka kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996.

Katika miaka hiyo darasa la jikoni lilikuwa karibu kila mahali. Wamama wanachama wametusimulia, na masimulizi yao yanafanana sana.

Kree ilikuwa kipande cha makala, ubao ukuta wa udongo. Ukuta ukijaa, unapakwa udongo mpya, kesho unaandika tena. Msituni waliandika kwa kijiti juu ya mchanga, kwenye njia iliyofagiwa. Hesabu ilifundishwa kwa kokwa za ngazi: kumi kumi katika mafungu, toa fungu moja, yamebaki mangapi? Kitabu kilikuwa chochote chenye herufi, ukurasa wa Biblia, Kurani, kopo la maziwa, karatasi ya dawa. Mama mmoja alisema watoto wake walijua kusoma neno «paracétamol» kabla ya kujua kuandika majina yao.

Saa ilikuwa moja: asubuhi kabla ya jua kali, wakati muhogo unalowekwa, au jioni kabla giza halijaingia, maana mafuta ya taa hakuna. Hawakufundisha kwa muda mrefu. Watoto wadogo wana njaa, wana mafua, wanapigana. Nusu saa ikipita salama, mama anashukuru Mungu.

Kwa nini waliweza? Sababu moja ni lugha. Katika mkoa wetu, kalasi za kwanza za msingi hufundishwa kwa Kiswahili. Mama aliyefika kalasi ya tatu tu alikuwa na vyote vinavyohitajika kumfikisha mtoto mpaka kusoma na kuandika. Akifika Kifaransa, anagonga mwamba. Ndiyo maana watoto wengi wa vita walijua kusoma vizuri Kiswahili, lakini mbele ya mtihani wa mwisho wa msingi walikuwa kama mabubu.

Sababu ya pili wamama waliisema wenyewe. Mmoja alituambia: «Mukikaa bila kazi, mutoto anasikia kila risasi. Akiwa anahesabu, anasikia hesabu.» Darasa liliwapa watoto siku yenye mpango. Leo ni Jumatatu, tunajifunza herufi M. Katika msitu ambapo watu walisahau mwezi, hilo halikuwa jambo dogo.

Treni inarudi

Mwaka 2003 serikali ya mpito iliundwa Kinshasa, na mwaka 2004 treni kutoka Lubumbashi ikafika tena Kindu. Watu walitoka msituni. Watoto waliokimbia na miaka 6 walirudi na miaka 11 au 12, ndevu karibu, na wakaambiwa waketi na wadogo. Wengi waliona haya, wakaenda kuchimba madini au kusukuma kinga zenye mizigo. Wasichana waliolewa.

Waliookoka wengi walipita katika vituo vya kufidia masomo, ambako miaka 6 ya msingi hufundishwa kwa miaka 3. Huko watoto waliofundishwa na mama walikuwa na faida: hawakuanza na herufi, walianza mbele. Baadhi ya wanaopiga hesabu za likelemba yetu leo walitoka humo.

Kisha mwezi wa tisa 2019 msingi ukawa bure katika shule za umma. Kalasi zikajaa, watoto wakakaa chini. Mwezi wa tatu 2020 korona ikafunga shule zote, na Radio Okapi ikaanza kutoa masomo hewani. Mjini Kinshasa watu walisema hawajawahi kuona jambo kama hilo, mama kuwa mwalimu. Wamama wa Alunguli walicheka. Wao walilijua zamani.

Siku ya mama leo

Mama tuliyemtaja mwanzoni anaamka saa kumi na moja. Maji kwanza, bidoni mbili. Kisha moto. Mdogo yuko mgongoni. Wa pili anachambua mchele na kuhesabu mawe anayoyatoa. Mkubwa anasoma kwa sauti, naye mama anamsahihisha huku anakoroga. Saa mbili anaenda sokoni kuuza mafuta ya mawese, na somo linaendelea huko: vikombe vitatu, franga ngapi, mteja ametoa elfu tano, mrudishie kiasi gani? Hana kitabu cha mwalimu. Ana uvumilivu, na siku nyingine hata huo unaisha, anapiga kelele, kisha anajilaumu. Alituambia hayo bila kuficha.

Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema mambo mawili pamoja: wazazi wana haki ya kuchagua namna ya kuelimisha watoto wao, na masomo ya msingi ni ya lazima na bure katika shule za umma. Hatusomi nusu moja na kuacha nyingine. Darasa la jikoni linamshika mtoto asizame. Kumfikisha ng'ambo ni kazi ya shule. Na tunajua pia kwamba neno «anasomea nyumbani» hutumika wakati mwingine kumficha msichana anayelea wadogo zake kutwa nzima wakati kaka zake wako shuleni. Huyo hasomi, anafanya kazi. Tuseme wazi.

Tunachoomba

Kwa wanachama: msione haya kusema mtoto alifundishwa nyumbani. Semeni mbele ya direkteri, na ombeni mtoto apimwe kabla ya kupangiwa kalasi. Yule wa miaka 9, shule ya pili tuliyomfikisha ilimpima, ikamweka kalasi ya tatu. Na mtoto akizaliwa, mwandikisheni ndani ya siku 90, ni bure. Zikipita siku hizo lazima hukumu ya tribinali ya watoto, na hapo safari na karatasi zinakula pesa ya mwezi mzima.

Kwa wafadhili: tunajua kujenga kalasi kunaonekana vizuri kwenye picha, na kalasi tunazihitaji. Lakini mama anayeanza leo anahitaji ardwazi 3, kree, kitabu kimoja cha kusoma kwa Kiswahili, na mtu wa kumfundisha Kifaransa kidogo mara moja kwa juma ili asigonge mwamba ule ule wa mama yake. Vitu hivyo vinabebwa kwa kinga moja.

Tukiwa na swali la nani ameilea Maniema katika miaka ya kufungwa, jibu liko jikoni. Ukuta wa udongo umepakwa tena na maandiko hayaonekani, lakini watoto waliosomea pale ndio wanaosoma jarida hili kwa wazazi wao leo jioni.