Fedha Huzaliwa na Deni

Watu wa Madina walikuwa wakimpelekea Zubair bin Al-Awwam, swahaba na binamu yake Mtume, mali zao awatunzie. Hakukubali kuzipokea kama amana. Aliwataka wakubali kwamba wamemkopesha, kwa kuwa alichelea zisije zikapotea mikononi mwake. Habari hii imo katika Sahihi Bukhari, na kwa kawaida husimuliwa kuonyesha uaminifu wake. Mimi kila nikiisoma naona pia msingi mzima wa sheria ya benki. Amana ikipotea bila uzembe, aliyeitunza hadaiwi. Deni halina udhuru huo. Lakini anayechukua mzigo wa deni hupata haki ambayo mtunza amana hana, nayo ni kuitumia mali ile. Zubair alipouawa mwaka 36 Hijria, mwanawe Abdullah alipiga hesabu akakuta baba yake anadaiwa 2,200,000. Hakuacha dinari wala dirhamu. Aliacha ardhi na nyumba. Shamba la Ghaba, alilokuwa amelinunua kwa 170,000, likauzwa kwa 1,600,000, na kwa fedha hizo pamoja na mali nyingine wadai wote wakalipwa.

Meneja yeyote wa benki anaijua hesabu ya namna hii. Upande mmoja kuna madeni ambayo wenyewe wanaweza kuyadai wakati wowote, upande wa pili kuna mali nzuri isiyouzika kwa siku moja. Hata hivyo, Madina ya wakati ule haikuwa na fedha zaidi kwa sababu ya Zubair. Aliyemkabidhi dirhamu zake aliondoka bila kitu cha kununulia sokoni. Alibaki na haki ya kudai, basi. Ujazi wa fedha ulikuwa uleule, ila ulikuwa umehama mkono.

Hatua iliyobaki ilipigwa London, na waliopiga ni masonara. Mwaka 1640 mfalme Charles wa Kwanza alizuia dhahabu na fedha ambazo wafanyabiashara walikuwa wameziweka katika Mnara wa London, wakajifunza kwamba hazina ya mfalme si mahali pa kuweka akiba. Wakahamia kwa masonara, waliokuwa na makasha ya chuma na walinzi. Sonara alitoa risiti. Risiti zikaanza kupokelewa madukani badala ya sarafu, kwani zilikuwa nyepesi na jina la sonara lilijulikana. Sonara naye akagundua kwamba wenye risiti hawaji wote siku moja, akaanza kuandika risiti kwa watu ambao hawakuweka chochote: wakopaji. Hapo ndipo fedha mpya ilipozaliwa. Aliyeweka dhahabu ana risiti yake mfukoni na anaweza kununua. Aliyekopa naye ana yake na anaweza kununua. Dhahabu kwenye kasha ni ileile moja.

Sheria ilichelewa sana kulitamka jambo hili waziwazi. Katika kesi ya Foley dhidi ya Hill, mwaka 1848, Baraza la Malordi liliamua kwamba fedha inayowekwa benki huacha kuwa ya mteja. Ni ya benki, na benki ni mdaiwa tu. Zubair aliwaambia wateja wake hivyohivyo uso kwa uso, kabla hawajamkabidhi mali. Wateja wa benki za leo hawaambiwi na karani yeyote, na wengi wangeshtuka kusikia.

Wakati masonara wa London wakiandika risiti zao, Amsterdam ilikuwa na desturi tofauti kabisa. Wisselbank, benki ya jiji iliyoanzishwa 1609, ilipokea sarafu za kila aina, ikazipima, na kuandika kiasi chake katika daftari. Malipo kati ya wafanyabiashara yalifanywa kwa kuhamisha tarakimu kutoka jina hili kwenda jina lile. Ahadi yake ilikuwa kwamba kila kilichoandikwa kina sarafu yake chini ya jengo. Haikupaswa kumkopesha mtu.

Mwaka 1672 ulizijaribu desturi zote mbili kwa pamoja. Januari, mfalme Charles wa Pili alisimamisha malipo ya hazina yake, na masonara wa London waliomkopesha zaidi ya pauni milioni moja wakajikuta na karatasi zisizolipwa. Wenye risiti wakawajia juu, na baadhi ya masonara hawakuinuka tena. Miezi michache baadaye majeshi ya Ufaransa yaliingia Uholanzi, na watu wakakimbilia Wisselbank kudai chao. Benki ilimlipa kila aliyedai. Mwanauchumi Adam Smith, akiandika karne moja baadaye, anasimulia kwamba baadhi ya sarafu zilizotolewa siku hizo zilikuwa na alama za moto ulioliunguza jumba la jiji miaka ya nyuma, ushahidi kwamba zilikuwa zimelala pale muda wote.

Msomaji angetarajia dunia ifuate njia ya Amsterdam. Ilifuata ya London. Benki Kuu ya Uingereza ilianzishwa 1694 kwa kuikopesha serikali pauni 1,200,000 kwa riba ya asilimia 8. Sababu si ngumu kuiona. Daftari la Amsterdam lilikuwa safi, lakini daftari safi halijengi meli wala kulipa askari. Na hata huko, usafi haukudumu: benki ilikuwa ikiikopesha kwa siri Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, na siri ilipofichuka mwishoni mwa karne ya 18, imani ikaporomoka pamoja na kampuni yenyewe. Smith alikufa 1790 akiwa ameandika kwamba kila kitu kimo kashani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na vitabu vya uchumi tulivyosomeshwa. Vitabu hivyo hueleza hivi: mtu anaweka shilingi 1,000,000, benki inatenga akiba ya lazima, tuseme asilimia 6, inakopesha 940,000, mkopaji anamlipa fundi, fundi anaziweka benki nyingine, nayo inatenga 6 kwa mia na kukopesha zinazobaki, mpaka milioni moja izae amana zinazokaribia milioni 16.7. Hesabu hiyo haina kosa. Kasoro yake ni kuionyesha benki kama inayosubiri amana ndipo ikopeshe. Afisa mikopo hafungui kasha kutazama kilichomo. Akimwidhinishia mteja milioni 20, anaandika milioni 20 katika akaunti yake, na papo hapo ujazi wa fedha umeongezeka kwa kiasi hicho. Akiba hutafutwa baadaye: kwa wateja wapya, katika soko la fedha baina ya mabenki, au Benki Kuu yenyewe kwa riba yake. Mkopo ukilipwa, fedha ile hufutika. Benki Kuu ya Uingereza ililieleza hili bila kuzunguka katika jarida lake la mwaka 2014, na Marekani ilishusha akiba ya lazima hadi sifuri Machi 2020 bila mabenki yake kukopesha pasipo mwisho.

Tazama Tanzania. Juni 2020 Benki Kuu ilipunguza kiwango cha akiba ya lazima kutoka asilimia 7 hadi 6. Kwa hesabu ya vitabuni, kila shilingi ya akiba ambayo ilikuwa ikibeba shilingi 14.3 za amana ingeanza kubeba 16.7. Hakuna aliyetarajia amana zipande kwa kiasi hicho, hata waliopunguza. Kinachoamua ni swali jingine: nani anakopesheka, kwa riba gani, na ana rehani gani.

Historia ya shilingi yetu inalionyesha vizuri kuliko ya London. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919 na kuwa na makao London, ilikuwa na desturi ya Amsterdam kwa jina: shilingi ilitolewa dhidi ya pauni, na pauni zilikaa Uingereza. Kwa vitendo, katika miaka ya 1930 akiba hiyo ilikuwa pungufu mno, kutokana na hasara za kuondoa rupia na kushuka kwa bei ya fedha nyeupe, na shilingi haikuanguka. Lakini kizuizi kilichomgusa mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro hakikuwa cha akiba. Kilikuwa sheria za kikoloni zilizobana mikopo kwa Waafrika, Tanganyika na Kenya, eti kuwalinda. Mabenki ya kigeni yalipokea amana huku na kupeleka ziada London. Mtu asiyeruhusiwa kuwa mdaiwa hana sehemu katika kuzaliwa kwa fedha. Bodi ilipokabidhi kazi yake kwa benki kuu tatu mwaka 1966, mjadala mkubwa ulikuwa kuhusu dhamana ya noti. Mimi ningeuanzia kwenye daftari la wakopaji.

Lakini si kila kukopeshana huzaa fedha. Upatu hauongezi hata senti: watu kumi wakichanga elfu kumi kila mmoja, laki moja inazunguka. Benki za Kiislamu ni habari nyingine, na wengi hudhani kwamba kwa kukataa riba zimekataa pia kuzalisha fedha. Sivyo. Katika murabaha benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa malipo ya baadaye. Muuzaji wa kwanza akilipwa kwa kuingiziwa salio katika akaunti, amana mpya imezaliwa kama kwingineko. Ndiyo maana baadhi ya wachumi Waislamu wamedai akiba kamili, asilimia 100, wakikutana bila kutarajia na maprofesa wa Chicago waliodai hivyohivyo mwaka 1933 mabenki ya Marekani yalipokuwa yakianguka.

Akiba kamili tunayo tayari, na tunaitumia kila siku. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, kila shilingi ya simu ilitakiwa iwe na shilingi yake katika akaunti ya udhamini. Ni Wisselbank iliyomo mfukoni. Na kama Wisselbank, haikuchukua muda kabla mkopo haujaikuta: huduma ya mikopo ya M-Shwari mwaka 2012, kisha Fuliza mwaka 2019, ambapo salio likiwa pungufu benki hujazia na deni huanza kuhesabiwa palepale. Tena akaunti zenyewe za udhamini zimo katika benki za biashara, ambazo hufanya na amana hizo kile benki zote hufanya.

Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilipunguza akiba ya lazima kutoka asilimia 5.25 hadi 4.25, na magazeti yakaandika kwamba takribani shilingi bilioni 35 zimeachiliwa. Yangekumbuka miaka iliyotangulia yangeandika kwa tahadhari zaidi. Kuanzia Septemba 2016 sheria iliweka ukomo wa riba ya mikopo, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mabenki hayakukosa akiba. Yalichagua kununua hati za serikali, ambazo haziumizi kichwa, kuliko kumkopesha mwenye kibanda kwa bei iliyowekwa na Bunge. Ukomo ulifutwa Novemba 2019. Kufikia hapo, wengi wa waliokataliwa kaunta walikuwa wamekwisha kuzoea kukopa kwenye programu za simu, kwa gharama ambayo sheria ile haikuigusa.