Jinsi kuandika kunavyoweza kumpunguzia mzigo mzazi anayeuguza mtoto

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mara nyingi, hata hivyo, mzazi ambaye mwanawe amepatikana na saratani, selimundu au maradhi mazito ya moyo huubeba uchungu huo kimya. Mbele ya mtoto hutabasamu, mbele ya daktari hutikisa kichwa, na mbele ya jamaa huambiwa ajikaze. Kwa mzazi wa namna hiyo, wataalamu wa saikolojia wamekuwa wakipendekeza msaada usiohitaji zaidi ya daftari na kalamu, nao huitwa uandishi wa tiba.

Uandishi wa tiba ni nini?

Ni kuandika kwa hiari, kwa muda mfupi uliopangwa, kuhusu jambo linaloumiza moyo, bila kukusudia kusomwa na mtu mwingine. Hautofautiani na daftari la dawa kwa karatasi wala kwa wino, bali kwa yaliyomo. Daftari la dawa husema kwamba homa ilipanda saa tisa usiku. Uandishi wa tiba huongeza yale ambayo mzazi aliyaogopa saa hiyo, na aliyemkasirikia, na dua aliyoiomba.

Ulianzia wapi?

Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi 46 wa chuo kikuu nchini Marekani, walioandika kwa dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida. Wengine waliandika kisa kilichowahi kuwaumiza: kundi moja lilieleza matukio tu, jingine hisia tu, na la mwisho likaunganisha yote mawili. Waliounganisha matukio na hisia ndio waliohitaji kwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi sita iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuweka kalamu chini, walioandika hisia zao walikuwa na huzuni zaidi kuliko wenzao. Nafuu ilichelewa kuja.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba kuficha jambo zito huchosha mwili na akili. Anayeandika huyapanga mambo yaliyokuwa yakimrudia usiku bila mpangilio, akaona yalipoanzia na yaliyofuata.

Je, huwasaidia wazazi?

Matokeo yanatia moyo, ingawa si ya miujiza. Nchini Uswisi, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusu akina mama waliojifungua watoto njiti waliozaliwa kabla sana ya wakati. Walioandika walipungukiwa na dalili za kiwewe na za sonona. Kwa upande mwingine, Joanne Frattaroli, aliyezijumlisha tafiti 146 mwaka 2006, alikuta kwamba faida ya uandishi wa namna hii ipo, lakini kwa wastani ni ndogo. Kuandika hakumponyi mtoto, wala hakuchukui nafasi ya mshauri, daktari au ndugu wa kusaidiana zamu.

Katika nchi zetu

Katika ukanda huu, matibabu ya mtoto aghalabu humaanisha safari. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1967, na kituo cha saratani cha Butaro kaskazini mwa Rwanda, kilichofunguliwa mwaka 2012, hupokea wagonjwa kutoka mbali. Mzazi mmoja hulala wodini kwa majuma mengi. Mwingine hubaki nyumbani akitafuta nauli na karo za wale wengine. Yule wa nyumbani, ambaye mara nyingi ni baba, huulizwa hali ya mtoto lakini haulizwi hali yake mwenyewe. Naye ana haja ya daftari.

Aidha, wazazi wengi hupewa habari za ugonjwa kwa lugha wasiyoitumia nyumbani. Kuziandika upya kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote ya moyoni, humsaidia mzazi kutambua alichoelewa na asichoelewa, akamwulize daktari kesho yake.

Uandishi wa wazazi si mgeni hapa. Katika miaka ya 1990, akina mama wa Uganda walioishi na virusi vya UKIMWI walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, vyenye habari za ukoo, za utoto wao na za ugonjwa wenyewe. Wao walikuwa wagonjwa na watoto ndio waliosomewa, lakini kalamu ilifanya kazi ileile: kusema lililoshindikana kutamkwa.

Namna ya kuanza

• Chagua mahali tulivu na uandike dakika 15 hadi 20, siku tatu au nne.
• Andika lililotokea pamoja na ulivyojisikia. Usijali tahajia wala mwandiko.
• Ukikosa pa kuanzia, andika barua usiyokusudia kuituma: kwa mtoto, kwa mwenzi wako, au kwa ugonjwa wenyewe.
• Daftari ni siri yako. Ukitaka, lichane au ulichome.
• Asiyeandika anaweza kujirekodi kwa simu, akafuta baadaye.

Wakati wa kuacha

Pennebaker mwenyewe hushauri kwamba jambo likionekana kumzidi mtu nguvu, aandike jingine au aweke kalamu chini. Siku ya kwanza ya habari mbaya si lazima iwe siku ya kuandika. Mzazi asiyepata usingizi kwa majuma, asiyeweza kula, au anayejiwa na mawazo ya kujidhuru asibaki na daftari peke yake. Amweleze mwuguzi au daktari anayemtibu mtoto, siku hiyohiyo.

Wahenga walisema pia kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Hofu ya mzazi nayo ni ya kufichuliwa mapema, kwanza kwa karatasi, kisha, akiweza, kwa mtu.