Mgeni na Jembe

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwaka 2009 homa ya mafua ya H1N1, iliyotangazwa kuwa janga la dunia tarehe 11 Juni, iliipindua methali hiyo. Tayari mwezi Mei, mjini Seoul, baadhi ya walimu wa Kiingereza waliowasili kutoka ng'ambo walikutwa na virusi. Wenzao wakatengwa kabla ya kuingia darasani.

Baada ya Idi, Saudi Arabia, nchi iliyozoea walimu wa Kimisri tangu zamani, iliahirisha masomo: shule za kati na sekondari hadi tarehe 10 Oktoba, za msingi na chekechea hadi tarehe 17. Misri nayo ilisogeza ufunguzi wake hadi tarehe 3. Mwalimu aliyeaga Cairo siku zile aliacha milango ya shule imefungwa kwao, akaikuta imefungwa ugenini.

Haikuwa dhuluma, kwani uhai wa mtoto hutangulia ratiba. Walakini mwalimu wa ugenini huishi kwa mkataba, na aliowaacha nyumbani huhesabu mwisho wa mwezi. Kungoja kwake hakukuwa mapumziko. Jembe alilitaka, shamba ndilo lililofungwa.