Mjusi-kafiri wa Kimboza na Leseni ya Kumfuga

Mjusi-kafiri wa Kimboza, aitwaye na wataalamu Lygodactylus williamsi, ambaye dume lake hung'aa rangi ya samawati, huishi porini Tanzania pekee, katika msitu wa Kimboza na vipande vichache vya misitu vilivyo chini ya milima ya Uluguru, maskani yake yakiwa juu ya mikadi. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, haijuzu kumnasa mnyamapori pasipo idhini ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Na ijapokuwa ruhusa ya kumsafirisha mjusi huyu haikutolewa, wachuuzi walimpeleka ng'ambo kwa maelfu, nao wategaji, jambo la kuhuzunisha mno, waliikata mikadi yenyewe ili wamfikie. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai, na mkutano wa CITES, yaani Mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka huohuo ukamtia katika Orodha ya Kwanza, ambayo huharimisha biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini. Kwa hiyo mnunuzi wa Ulaya hana budi kudai hati ithibitishayo kwamba mjusi wake alizaliwa kizimbani, kwani stakabadhi ya duka pekee si hoja mbele ya sheria.