Siku Wamarekani Walipokutana na Matope ya Safari

Juni 1949, mjini Charlotte, chama kichanga cha NASCAR kiliandaa mashindano ya magari yenye sharti gumu: gari liwe vilevile lilivyotoka dukani. Miaka minne baadaye, Mei 1953, Afrika Mashariki nayo ikaanza mashindano yake kwa wazo kama hilo. Coronation Safari, iliyoandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yalipangwa katika madaraja kwa bei yake ya dukani. Gari la mkulima au la karani lingeweza kushiriki.

Hapo njia zikaachana. Wamarekani walijenga viwanja vya kuzunguka, na mwaka 1959 wakafungua Daytona, mzunguko wa lami wa kilomita 4 hivi. Huku kwetu uwanja ulikuwa nchi yenyewe. Na ndani ya nchi hiyo, milima ya Taita ilikuwa mtihani ambao dereva hakuusahau. Ukiiacha Voi unaelekea Mwatate, nchi bado ni kavu na tambarare. Kisha barabara inaanza kupanda kuelekea Chawia na Wundanyi: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Safari ilikuja kuwa mbio za Pasaka, majira ya masika, na udongo mwekundu wa Taita ukilowa huteleza kama sabuni. Nguvu ya injini peke yake haikumfikisha mtu popote. Kama gari lilizama, lilitoka kwa mabega ya wanakijiji.

Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena, na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Sijui mashindano mengine ya magari yenye rekodi ya kutisha namna hiyo.

Kati ya miaka hiyo miwili Wamarekani walikuja. Mwaka 1964 kampuni ya Mercury ilileta kikosi cha magari ya Comet, yaliyotayarishwa na Bill Stroppe, fundi aliyejijengea jina katika mashindano ya magari ya dukani kule kwao. Yalikuwa makubwa, yenye injini za silinda nane. Yaliyofika mwisho ni mawili tu, moja likiendeshwa na Joginder Singh wa Nairobi pamoja na ndugu yake Jaswant. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Billy Young katika Ford Cortina, gari dogo ambalo Mkenya wa wakati ule alilifahamu vizuri.

Mwaka uliofuata ndugu hao wawili walirudi na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, wakashinda. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer. Kwangu mimi hakuna jibu bora zaidi kwa anayedhani kwamba fedha za kiwanda ndizo humfanya dereva. Joginder alizijua barabara hizi, alikuwa fundi, na aliheshimu matope.

Safari iliondolewa katika mbio za dunia baada ya 2002. Iliporudi mwaka 2021 makao yake yakawa Naivasha, mbali kabisa na Taita. Mashindano ya magari ya zamani, yaliyoanza 2003, ndiyo yaliyoendelea kuwaletea Wataita vumbi lile la mbio.

Wazee walioyasukuma magari ya Safari kutoka matopeni wangali nasi, lakini si wote na si kwa muda mrefu. Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta ina kazi ya kufanya: iwatume vijana wenye simu za kurekodi hadi Chawia, Mwatate na Wundanyi, wakae na wazee hao, wakusanye na picha zilizobaki katika masanduku ya nyumbani. Nawe msomaji, kama babu yako alisimama kando ya barabara ile, muulize Pasaka hii.