Albamu za Roki Ambazo Hazijachuja

Katika miaka yake ya mwanzo, roki ilikuwa muziki wa nyimbo mojamoja. Kampuni ya Columbia ilikwisha kuleta santuri kubwa tangu 1948, yenye kubeba dakika ishirini na kitu kila upande, lakini hiyo ilihesabiwa kuwa ya watu wazima wenye kupenda okestra na nyimbo za Broadway. Vijana waliuziwa santuri ndogo, wimbo mmoja upande huu na mwingine upande wa pili. Elvis Presley na Chuck Berry walitoa albamu, ila nyingi zilikuwa vibao viwili vitatu vikisindikizwa na nyimbo za kujazia. Ndiyo maana leo tunakumbuka nyimbo zao kuliko albamu zao.

Hata The Beatles walianzia huko. Tarehe 11 Februari 1963 waliingia studio za EMI kule Abbey Road, London, na kwa siku moja wakarekodi nyimbo kumi za albamu yao ya kwanza. John Lennon alikuwa na mafua. Wimbo uliomtaka apige mayowe ukawekwa mwisho kabisa, koo lisije likamkauka mapema. Miaka mitatu baadaye, kwa ajili ya albamu ya Revolver, walishinda studio wiki baada ya wiki. Fundi mitambo wao, Geoff Emerick, kijana wa miaka 20 tu, alisogeza kipaza sauti karibu na dramu za Ringo Starr kuliko kanuni za studio zilivyoruhusu, akashindilia sweta ndani ya dramu kubwa ili mlio uwe mzito na mkavu. Mwaka huohuo, California, Brian Wilson wa The Beach Boys, ambaye sikio lake la kulia lilikuwa karibu halisikii kitu, alikamilisha albamu ya Pet Sounds.

Nionavyo mimi, siri ya kudumu iko hapa. Kanda ya Revolver ilikuwa na njia nne tu za kurekodia sauti. Zikijaa, sauti zilichanganywa na kuhamishiwa kwenye kanda nyingine ili nafasi ipatikane, na zikishachanganywa hazikutenganishika tena. Kila mlio uliamuliwa palepale: ubaki au ufutwe. Uamuzi huo bado unasikika, hata kwa mtu asiyejua lolote kuhusu mitambo.

Sikiliza albamu ya nne ya Led Zeppelin, ya 1971, wimbo wa mwisho. Asili yake ni wimbo wa bluzi uliorekodiwa mwaka 1929 na Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, kuhusu mafuriko ya mto Mississippi ya 1927. Led Zeppelin walikuwa wamepanga Headley Grange, jumba kuukuu la mashambani Uingereza lililowahi kuwa makazi ya mafukara. Fundi mitambo Andy Johns aliziweka dramu za John Bonham ukumbini, chini ya ngazi, akaning'iniza vipaza sauti viwili tu juu. Basi unachosikia ni nyumba nzima ikipigwa: kuta, ngazi na hewa iliyo katikati. Wasanii wa rap wameukata mdundo ule na kuutumia upya mara nyingi, na bado haujachakaa.

Pink Floyd walicheza nyimbo za The Dark Side of the Moon jukwaani mwaka mzima wa 1972 kabla ya albamu kutoka Machi 1973. Mlio wa sarafu na mashine ya kuhesabia fedha unaofungua wimbo wa pesa ulitengenezwa kwa kupima vipande vya kanda kwa rula, kuvikata na kuviunganisha viwe duara. Albamu ile ilikaa kwenye chati ya Marekani kwa zaidi ya wiki 700 kabla ya kuondoka mwaka 1988.

Halafu kuna Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, ambaye familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Dunia inamjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. A Night at the Opera, ya 1975, ilirekodiwa kwa njia 24. Queen walirundika sauti juu ya sauti hadi kanda ikachakaa kiasi cha kupenyeza mwanga. Njia zilikuwa nyingi, lakini Mercury alijua kichwani kila sauti itakaa wapi.

Zama za dijitali zilileta njia zisizo na kikomo, na pia mashindano ya kelele. Death Magnetic ya Metallica, ya 2008, ilibanwa sauti kiasi kwamba mashabiki walitia saini wakiomba ichanganywe upya. Tungo ni nzuri; masikio ndiyo yanayochoka.

Kwa upande wetu wa dunia, Zambia ilikuwa na roki yake, Zamrock, na baadhi ya bendi zake zilikuja kurekodi Nairobi. Bendi ya WITCH ilitoa Introduction mwaka 1972 na Lazy Bones!! mwaka 1975, kwa vifaa duni na gitaa linalokwaruza kama msasa. Bei ya shaba, tegemeo la uchumi wa Zambia, ilipoporomoka, bendi zikafa; baadaye Ukimwi ukawachukua wanamuziki wengi. Albamu zimechapishwa upya Marekani, na mwimbaji Emmanuel "Jagari" Chanda, aliyepita miaka 70, amerudi jukwaani kuwaimbia vijana ambao wazazi wao walikuwa watoto wakati nyimbo zile zinarekodiwa.